Boma, Katiba na Makaburi Yasiyo na Majina: Kuusoma Upya Mji wa Kale wa Kingston

Utangulizi

Mwanafunzi wa historia ya Kanisa amezoea kuitafuta historia hiyo katika vitabu. Hata hivyo iko sehemu ya historia isiyoeleweka vema mpaka mtu apafikie mahali penyewe, aone kuta zilizobaki, apime kwa hatua zake umbali wa kutoka mlango wa kanisa hadi mlango wa mahakama, na ajiulize ni nini kisichoonekana hapo. Katika makala haya tunakusudia kuuchunguza kwa njia hiyo mji mmoja ulioanzishwa na Waholanzi katika Amerika ya Kaskazini, yaani mji wa Kingston katika jimbo la New York. Mji huo uko upande wa magharibi wa mto Hudson, yapata kilometa 145 kaskazini ya jiji la New York.

Tumeuchagua Kingston kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo katika eneo dogo, linaloweza kuzungukwa kwa miguu kwa saa chache, zimebaki alama za ukoloni wa Kiholanzi, za utawala wa Kiingereza na za vita vya uhuru wa Marekani. Pili, ni mahali ambapo Kanisa, Serikali na utumwa vilikaa pamoja kwa muda mrefu, mlango kwa mlango, na ambapo neno “uhuru” lilitangazwa hadharani bila kuwafikia wote waliolisikia. Swali letu ni hili: imewezekanaje watu wa Neno la Mungu kutetea uhuru wa dhamiri kwa moyo wote, na wakati huo huo kumhesabu jirani yao kuwa mali? Swali hilo si la Waholanzi peke yao. Kama tutakavyoona, linaugusa pia urithi wetu wa Kilutheri.

Boma la mwaka 1658

Wazungu wa kwanza walifika katika bonde la Esopus mwanzoni mwa miaka ya 1650. Ardhi ilikuwa ya watu wa Esopus, tawi la jamii ya Lenape, ambao walikuwa wakilima mahindi katika mashamba yenye rutuba kando ya vijito. Walowezi walijenga nyumba zao zikiwa zimetawanyika, wakafanya biashara na wenyeji, na biashara hiyo ilichanganyika na pombe kali na ugomvi. Mwaka 1658 Peter Stuyvesant, mkuu wa koloni la Uholanzi Mpya, alifika mwenyewe na kuwaamuru walowezi wahame mashambani, wajenge nyumba zao pamoja juu ya uwanda wa kilima, na kuuzungushia uwanda huo ukuta wa magogo. Ndiyo asili ya mji. Mwaka 1661 ulipewa hati yake na kuitwa Wiltwyck. Jina la Kingston lilitolewa na Waingereza mwaka 1669.

Ukuta wa magogo umekwisha kuoza karne nyingi zilizopita, lakini mitaa ya sehemu hiyo ya mji ingali inafuata mistari ya boma la Stuyvesant. Mgeni apitaye katika mtaa wa Green, au ule wa North Front, anatembea palipokuwa mpaka kati ya waliokuwa ndani na waliokuwa nje. Neno “boma” laeleweka kwetu bila maelezo. Ni mahali pa usalama kwa aliye ndani. Kwa aliye nje, ni tangazo kwamba ardhi imepata bwana mwingine.

Tangazo hilo lilizaa vita mara mbili. Mwezi wa Septemba 1659 walowezi waliwashambulia usiku vibarua wa Kiesopus waliokuwa wakinywa pombe baada ya kazi, na vita ikaanza. Mwaka uliofuata Stuyvesant aliwatuma baadhi ya mateka wa Esopus kwenda kisiwa cha Curaçao kuwa watumwa. Jambo hilo halikusahauliwa. Tarehe 7 Juni 1663, wakati wanaume wengi walikuwa mashambani, watu wa Esopus waliingia katika Wiltwyck na katika kijiji jirani, ambacho leo huitwa Hurley. Watu wapatao 20 waliuawa, na zaidi ya 40 wakachukuliwa mateka, wengi wao wanawake na watoto. Mchungaji Hermanus Blom, aliyekuwamo mjini siku hiyo, aliandika barua ya kuomboleza juu ya maiti na majivu aliyoyaona mitaani.

Tunapoisoma barua ya Blom yatupasa kumsikitikia kwa kweli, maana waliokufa walikuwa washarika wake. Lakini yatupasa pia kukumbuka kwamba wale waliopelekwa Curaçao hawakuwa na mchungaji wa kuandika barua kwa ajili yao. Hapa msomaji wa historia ya mji huu anakutana na fundisho lake la kwanza: kilio kinachohifadhiwa ni kilio cha mwenye kalamu.

Kanisa na vitabu vyake

Ushirika wa Kanisa la Reformed la Kiholanzi ulianzishwa hapo mwaka 1659, naye Blom alianza kazi yake kama mchungaji aliyewekwa rasmi mwaka 1660. Jengo la mawe liitwalo Old Dutch Church, lililopo sasa kwenye kona ya mtaa wa Wall na mtaa wa Main, ni la mwaka 1852, lakini ushirika ni ule ule. Katika uwanja wake yamo makaburi ya vizazi vingi, mengine yakiwa na maandishi ya Kiholanzi, kwa kuwa lugha hiyo iliendelea kutumika kanisani hata mwanzoni mwa karne ya 19, zaidi ya miaka 130 baada ya Waholanzi kupoteza utawala. Humo pia limo kaburi la George Clinton, gavana wa kwanza wa jimbo la New York, ambaye mabaki yake yalihamishiwa huko kutoka Washington mwaka 1908.

Hata hivyo hazina kubwa ya ushirika huu si jengo wala makaburi, bali vitabu vyake vya ubatizo na ndoa vinavyoanza mwaka 1660. Vilichapishwa mwaka 1891, na hadi leo wazao wa walowezi huvitumia kutafuta nasaba zao. Wachungaji wenzetu, ambao mara nyingi huiona kazi ya kuandika katika kitabu cha usharika kuwa mzigo wa ofisi, wangefanya vema kutafakari jambo hili. Yule aliyeandikwa amekuwa na jina kwa zaidi ya miaka 360.

Lakini je, ni nani aliyestahili kuandikwa? Katika Uholanzi Mpya swali hili lilikuwa la teolojia na la fedha kwa pamoja. Mwaka 1664 mchungaji Henricus Selyns, aliyehudumu Breuckelen, yaani Brooklyn ya leo, aliandika kwamba Waafrika waliomba watoto wao wabatizwe, naye alikataa kwa kuwa aliona nia yao ni kuwatoa watoto katika utumwa. Wazazi hao walikuwa wameielewa injili kwa usahihi mkubwa kuliko mchungaji: walidhani kwamba aliyefanywa ndugu hawezi kubaki bidhaa. Miaka 42 baadaye, mwaka 1706, bunge la koloni chini ya Waingereza lilimaliza ubishi huo kwa sheria. Sheria ilihimiza watumwa wabatizwe, na papo hapo ikatamka kwamba ubatizo haubadili hali ya mtumwa hata kidogo. Hivyo mlango wa kanisa ulifunguliwa kwa sharti kwamba kisima cha ubatizo kisiwe na nguvu nje ya mlango huo.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba Walutheri wa koloni hilo nao walikuwa watu wa nje ya boma kwa namna yao. Stuyvesant hakuruhusu ibada za hadhara isipokuwa za Kanisa la Reformed. Mchungaji Johannes Gutwasser, aliyetumwa kuwahudumia Walutheri mwaka 1657, alizuiwa kuhubiri, na mwaka 1659 akarudishwa Ulaya. Baada ya Waingereza kutwaa koloni mwaka 1664 ndipo Walutheri walipopata ruhusa ya kumwita mchungaji wao. Mmoja wa waliowahudumia baadaye, Justus Falckner, aliyewekewa mikono mwaka 1703, alimbatiza mwaka 1705 Maria, binti wa Mwafrika huru aliyeitwa Are van Guinea. Mwaka 1714 Falckner aliendesha ibada katika nyumba ya Are huko New Jersey, na ibada hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa ushirika wa Kilutheri katika sehemu hiyo. Nyumba ya Mwafrika ilikuwa kanisa kabla Wajerumani hawajawa na jengo. Tunalitaja jambo hili si kwa kujisifu, maana lilikuwa tukio la pekee, bali kwa kuonyesha kwamba njia nyingine iliwezekana hata wakati ule.

Mwaka 1777

Vita vya uhuru vilipoanza, mkutano wa wajumbe wa New York ulikuwa ukihama mji baada ya mji mbele ya majeshi ya Uingereza, mpaka ukafika Kingston. Hapo, tarehe 20 Aprili 1777, wajumbe walipitisha katiba ya kwanza ya jimbo, na siku mbili baadaye ikasomwa mbele ya mahakama. Tarehe 30 Julai George Clinton aliapishwa mahali hapo. Mwezi wa Septemba John Jay, jaji mkuu wa kwanza, alifungua mahakama kuu ya jimbo, na baraza la seneti likakutana katika nyumba ya mawe ya mfanyabiashara Abraham Van Gaasbeek. Nyumba hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1676, ilinunuliwa na jimbo mwaka 1887, nayo ni jumba la makumbusho liitwalo Senate House.

Katiba hiyo ina mambo ambayo wanateolojia wanapaswa kuyajua. Kifungu cha 35 kilifuta kila sheria iliyoweza kueleweka kuwa inalipa dhehebu moja nafasi ya kanisa la serikali. Kifungu cha 38 kiliwahakikishia watu wote uhuru wa kukiri imani na kuabudu bila ubaguzi, na kufanya hivyo kwa maneno makali juu ya makasisi na watawala ambao ushupavu na tamaa zao zimewaumiza wanadamu. Kifungu cha 39 kilimkataza mhudumu yeyote wa dini kushika cheo cha serikali au cha jeshi, kwa sababu kazi ya kuchunga roho ni kubwa kiasi cha kutoruhusu kazi nyingine. Tunapokumbuka kwamba mji huu ulianzishwa na mtu yule yule aliyemfukuza Gutwasser, hatuna budi kukiri kwamba safari ya kutoka 1658 hadi 1777 ilikuwa ndefu na ya heshima.

Mji ulilipa gharama ya heshima hiyo mapema. Tarehe 16 Oktoba 1777 askari wa Uingereza chini ya Jenerali John Vaughan walishuka kutoka katika merikebu zao, wakapanda hadi mjini, na kuuteketeza kwa moto. Wananchi walikuwa wamekwisha kukimbilia Hurley. Kanisa liliungua, mahakama iliungua, na nyumba na maghala zaidi ya 300 yakawa majivu. Kesho yake, tarehe 17 Oktoba, Jenerali Burgoyne alisalimu amri huko Saratoga, kwa hiyo uteketezaji ule haukuwasaidia Waingereza lolote. Kwa kuwa kuta za nyumba zilikuwa za mawe ya chokaa, ziliachwa zimesimama bila paa. Wenyeji waliporudi walijenga ndani ya kuta zile zile. Ndiyo maana mgeni anaposimama katika njia panda ya mitaa ya John na Crown anaona kwenye kila moja ya kona nne nyumba ya mawe ya kabla ya vita. Novemba 1782 George Washington alipita mjini akapokewa na wazee wa kanisa, na barua yake ya kuwajibu imehifadhiwa kanisani.

Uhuru uliokatwa katikati

Mpaka hapa historia ya Kingston yaweza kusimuliwa kama masimulizi ya imani na ushujaa, na kwa muda mrefu imesimuliwa hivyo. Lakini katika mkutano ule ule wa mwaka 1777 lilitokea jambo lisiloonekana katika mawe. Gouverneur Morris alipendekeza kwamba katiba iwasihi wabunge wa baadaye kuondoa utumwa, ili kila mtu anayevuta hewa ya jimbo apate haki za mtu huru. Wajumbe wengi waliliafiki wazo hilo. Hata hivyo katiba ilipopitishwa, kifungu hicho hakikuwamo. John Jay, ambaye hakuwapo siku za mwisho kwa sababu ya msiba wa mama yake, alieleza baadaye kwamba alitamani kiwemo. Naye Jay mwenyewe alikuwa na watumwa.

Matokeo ya kifungu kilichoachwa yalihesabika kwa watu. Sensa ya mwaka 1790 iliwakuta katika wilaya ya Ulster, ambayo makao yake makuu ni Kingston, watumwa takriban 2,900, yaani karibu mtu 1 katika kila 10. Sheria ya kuondoa utumwa polepole ilitiwa sahihi mwaka 1799, na aliyeitia sahihi alikuwa Jay, akiwa sasa gavana. Hata hiyo haikumwachilia huru mtumwa yeyote aliye hai. Iliwahusu watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 4 Julai 1799, nao walipaswa kumtumikia bwana mpaka umri wa miaka 28 kwa wanaume na 25 kwa wanawake. Utumwa wenyewe ulikoma katika jimbo hilo tarehe 4 Julai 1827, miaka 50 baada ya katiba ya Kingston.

Katika kipindi hicho cha miaka 50 aliishi mtoto Isabella, aliyezaliwa yapata mwaka 1797 kusini mwa Kingston katika nyumba ya bwana wa Kiholanzi. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi aliuzwa mnadani pamoja na kundi la kondoo, na bwana wake mpya, aliyesema Kiingereza, alimpiga vikali kwa kutoelewa maagizo. Mwishoni mwa 1826 aliondoka kwa bwana wake wa mwisho akiwa amembeba binti yake mchanga. Baadaye alipata habari kwamba mwanawe Peter, mwenye umri wa miaka mitano hivi, ameuzwa hadi Alabama, kinyume cha sheria ya New York. Isabella, asiyejua kusoma wala kuandika, alikwenda katika mahakama ya Kingston kumdai mtoto wake, na mwaka 1828 akarudishiwa. Mwaka 1843 alijiita Sojourner Truth, akawa mhubiri anayesafiri, na jina hilo ndilo ulimwengu unalomjua.

Jengo la mahakama ya wilaya lililopo mtaa wa Wall ni la mwaka 1818, nalo lina kibao cha kumkumbuka. Liko karibu sana na kanisa. Huko Port Ewen, ng'ambo ya kijito cha Rondout, imesimamishwa tangu 2013 sanamu inayomwonyesha akiwa msichana mdogo aliyebeba mitungi mizito. Inafaa kutambua kwamba mahali katiba iliposomwa mwaka 1777 ndipo pia mwanamke huyu alipodai, kwa ajili ya mtoto mmoja, kile ambacho katiba haikumpa.

Makaburi ya Pine Street

Nje kidogo ya mistari ya boma la kale, katika mtaa wa Pine, kuna kiwanja kidogo kati ya nyumba za makazi. Hapo ndipo walipozikwa Waafrika wa Kingston wakati uwanja wa kanisa ulikuwa wa watu wengine. Makaburi hayo yalisahauliwa, yakajengwa juu yake, na wakazi wakalima bustani bila kujua wamesimama wapi. Wanaakiolojia walianza kuyatambua upya katika miaka ya 1990. Mwaka 2019 kiwanja kilinunuliwa ili kihifadhiwe, na uchimbaji wa kitaalamu uliofuata umethibitisha mabaki ya watu waliozikwa humo.

Chama cha wananchi, hasa Wamarekani weusi, kinachotunza mahali hapo kinaitwa Harambee. Ni neno letu, neno la watu wanaovuta kamba pamoja, lililo pia katika nembo ya taifa la Kenya. Wazao wa watu waliopokonywa lugha zao, wakafundishwa Kiholanzi kisha wakapigwa kwa kutojua Kiingereza, wamechagua neno la Kiswahili kwa kazi ya kuwarudishia wafu wao heshima. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kulipita jambo hili kwa wepesi.

Hitimisho

Tumeuliza imewezekanaje uhuru wa dhamiri na utumwa wa mwili kukaa katika mji mmoja. Jibu tunalolipata Kingston ni kwamba watu walijifunza kuutenganisha uhuru wa roho na uhuru wa mwili, na Kanisa ndilo lililowafundisha. Selyns alihofu kwamba ubatizo utamfungua mtumwa. Sheria ya 1706 ilimwondolea hofu hiyo. Katiba ya 1777 ililinda ibada ya watu wote na kunyamaza juu ya kazi yao isiyo na ujira.

Sisi Walutheri tusiwahi kuwanyoshea kidole Wareformed wa Kiholanzi. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani, katika kifungu chao cha tatu, walidai wasiwe tena watumwa wa mabwana kwa kuwa Kristo amewakomboa wote, naye Martin Luther aliwajibu kwamba dai hilo linaufanya uhuru wa Kikristo kuwa wa kimwili tu. Alikuwa na sababu zake: aliogopa injili isigeuzwe kuwa upanga. Lakini maneno yale, yakiondolewa katika mazingira yake, yaweza kuandikwa katika sheria ya 1706 bila kubadilishwa sana. Mtume Paulo katika Wagalatia 3:28 aliunganisha ubatizo na kukoma kwa tofauti ya mtumwa na mtu huru. Wazazi Waafrika wa mwaka 1664 walisimama upande wa Paulo.

Kwa mchungaji wa leo fundisho ni la karibu. Kila usharika wenye umri una jengo, vitabu na uwanja wa makaburi. Jengo hueleza waliotoa fedha. Vitabu hueleza waliokubaliwa. Ardhi peke yake hueleza wote, nayo, kama ilivyo katika Mwanzo 4:10, haikai kimya daima. Anayekusudia kuandika historia ya usharika wake na aanze na vitabu, maana ni wajibu. Kisha atoke nje, avuke mahali palipokuwa na ukuta, aulize ni nani aliyezikwa huko.